Chatu wa Bi Mariamu Aliyegoma Kula

Ninyi mnaotoka chuoni siku hizi na koti jeupe, na simu yenye picha ya kila ugonjwa, nawaonea wivu kidogo. Sisi tuliingia kazini na mabuti ya mpira, baiskeli, na sindano moja ya kuchemsha kwenye sufuria. Nilikuwa msaidizi wa mifugo. Watu walituita daktari wa ng'ombe, nasi hatukuwakatalia.

Juzi mjukuu wangu Kemunto, ambaye anasomea kazi hii hii, aliniuliza ni mnyama gani aliyenisumbua kuliko wote. Alidhani nitamtaja yule fahali wa Nyaramba aliyenipandisha juu ya mti wa mkaratusi nikiwa na buti moja. Nikamwambia hapana. Alikuwa chatu wa mjini Kisii, na hakunigusa hata mara moja.

Lakini kabla ya chatu, mfahamuni mtu aliyenifundisha kazi, maana bila yeye chatu yule angekufa mikononi mwangu. Aliitwa Mzee Nyangau. Alikuwa ameosha ng'ombe wa walowezi kwenye josho la Nyansiongo tangu sijaota meno, na mashamba yale yalipogawiwa watu wetu karibu na wakati wa uhuru, yeye alibaki pale pale, na koti lile lile la kijeshi. Shuleni aliishia darasa la nne. Alikuwa na kanuni moja: ukifika bomani, fumbata mikono nyuma ya mgongo, usimame, utazame mnyama kwa muda wa kunywa kikombe cha chai ya moto. Ndipo uguse.

Mimi nilikuwa na cheti, kwa hiyo kanuni hiyo niliiona ya kishamba. Mwaka wangu wa kwanza pale Nyansiongo, mama mmoja aliniita kwa ng'ombe wake wa maziwa aliyekataa kula siku tatu. Nilimpima joto, nikamdunga sindano, nikamnywesha chumvi ya kuharisha kwa chupa. Siku ya nne bado hali, na sasa anaharisha. Mzee Nyangau akaja, akafumbata mikono nyuma, akasimama. Mama mwenye ng'ombe alianza kudhani mzee amelala wima. Mwishowe aliinama, akapitisha kiganja ndani ya kihori cha mbao, akaomba koleo, akang'oa msumari uliokuwa umechomoza kwa ndani. Ng'ombe alikula kabla mzee hajanyooka mgongo.

"Ng'ombe alikuwa mzima," akaniambia kwa Kigusii, bila kucheka. "Mgonjwa alikuwa kihori."

Mngedhani baada ya aibu ile nilikuwa nimejifunza. Basi sikilizeni.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilihamishiwa mjini Kisii. Asubuhi moja aliingia ofisini mwanamume mwenye kofia nyeupe ya kufuma, vumbi la mahindi mabegani. Jina lake Rajabu, mwenye duka la nafaka karibu na soko.

"Wewe ndiye daktari wa wanyama?"

"Ndiyo."

"Wa wanyama wote?"

Nikanyoosha kifua. "Wote."

"Haya, chukua mkoba. Kuna nyoka amekataa kula."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Tukiwa njiani alinieleza. Marehemu kaka yake alikuwa dereva wa lori, akibeba nafaka kati ya Kisii na ziwani. Miaka sita nyuma aliokota mtoto wa chatu kando ya barabara upande wa Kendu, akamleta nyumbani ndani ya kofia. Akamlea. Kwa vile alikuwa mtu wa magari, alimwita Mkanda, kwa kuwa aliviringika kama mkanda wa feni ya injini. Sasa Mkanda alikuwa na urefu wa mita mbili na zaidi. Miezi miwili iliyopita kaka mtu aliugua ghafla akafariki, na tangu siku ya mazishi chatu hajaweka kitu kinywani.

"Anamlilia," Rajabu alisema. "Mtaa mzima unajua. Wanawake wanakuja kumtazama, wakitoka pale wanalia na wao."

Nyumba yao ilikuwa ya mawe na mabati, yenye ua katikati. Mwenye nyumba sasa alikuwa mjane, Bi Mariamu, na alikuwa ndani ya eda, ile miezi minne na siku kumi ambayo mjane wa Kiislamu hukaa nyumbani akimwomboleza mume. Kwa hiyo sikumwona. Alizungumza nami kutoka nyuma ya pazia la mlango, Rajabu akiwa ameketi baina yetu kwenye kigoda.

Nilimtazama chatu kwanza. Alikuwa kwenye stoo ya upande wa pili wa ua, ndani ya sanduku la mbao lenye wavu juu. Amejikunja pembeni, ngozi imelegea, uti wa mgongo umechomoza kama ukingo wa paa. Nilikuwa mtoto wa Kigusii niliyelelewa kuona nyoka na kukimbilia jembe. Miguu yangu ilitaka kuondoka. Nikaishikilia.

Nikarudi pale kwenye pazia nikauliza kwa Kiswahili nilichokuwa nacho wakati ule, "Mama, hii nyoka ilikuwa inakula nini?"

Sauti ikatoka, ya upole lakini imenyooka kama rula.

"Nyoka huyu alikuwa akila nini. Ana roho, daktari. Chenye roho hakiitwi 'hii'."

Rajabu alitazama dari. Mimi nikarudia kama mwanafunzi, "Nyoka huyu alikuwa akila nini?"

"Panya. Ahsante." Kisha akasema, "Nikwambie ukweli, daktari. Miaka sita nimekaa nyumba moja na mnyama huyu, na sikumpenda hata siku moja. Lakini mwaka huu nimekwisha kuzika mume. Sitaki kuzika na alichokipenda. Mlishe."

Hapo ndipo Mzee Nyangau angefumbata mikono. Mimi nilifungua mkoba. Nilimtuma Rajabu maini ya mbuzi, nikayakata vipande vyembamba, nikamwambia amshike chatu nyuma ya kichwa, nami nikapanua mdomo kwa kibano cha chuma na kusukuma nyama ndani. Chatu alijinyonga, kibano kikateleza, kikakwaruza ufizi. Damu ikatoka kidogo. Nikasukuma tena. Vipande viwili vilipita. Nikanawa mikono nikiwa nimejaa fahari, nikatangaza mbele ya pazia kwamba mgonjwa amekula.

"Amekula au amelishwa?" sauti ikauliza.

Kabla sijafika ofisini, chatu alikuwa amevitapika vyote.

Niliporudi baada ya wiki moja, mdomo ulikuwa umevimba upande mmoja na haufungi vizuri. Ndani, pale nilipokwaruza, palikuwa na usaha mzito kama maziwa yaliyoganda. Nilijua ni kazi ya mkono wangu. Rajabu naye alijua.

"Daktari, ulimkuta na njaa, ukamwongezea kidonda," alisema. "Basi. Ijumaa nikitoka msikitini nitammaliza kwa panga. Shemeji yangu hawezi kukaa anasikiliza watu wakija kulia juu ya nyoka."

Aliyasema kwa sauti ya chini, lakini pazia lilitikisika.

"Rajabu," Bi Mariamu alisema, "nyumba hii bado ina mwenyewe."

"Mpaka Ijumaa, shemeji," akajibu, akatoka.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Kesho yake niliomba ruhusa, nikapanda basi la asubuhi hadi Nyansiongo. Mnaolijua eneo lile mnajua baridi yake; ukungu ulikuwa bado umelala juu ya malisho na mimi natetemeka ndani ya shati la mjini. Mzee Nyangau nilimkuta kwenye banda dogo nyuma ya nyumba, ameinama juu ya sanduku la vifaranga wa siku moja waliotoka Nakuru. Ndani ya sanduku alikuwa amening'iniza taa ya chemni, ameizungushia wavu.

"Bwakire, omogaka," nikamsalimu.

Nilimweleza yote. Nilipotaja neno chatu, alirudi nyuma hatua moja akatazama mkoba wangu.

"Hukumleta?"

"Hapana, Mzee."

"Vizuri. Mimi nyoka ananitoa jasho hata akiwa kwenye kitabu." Akarudi kwenye vifaranga wake. "Ulimtazama?"

"Nilimtazama."

"Kabla au baada ya kumtia chuma mdomoni?"

Alichukua kifaranga mmoja kutoka karibu na taa, akamweka kwenye kona ya mbali, mbele ya chakula. Kifaranga hakudonoa. Alisimama, akalia, akarudi mbio kwenye taa. Alipokwisha kupata joto, mwenyewe akatoka kwenda kula.

"Huyu akiwa na baridi hali, hata umwekee chakula miguuni," alisema. "Ninyi mlisoma. Nyoka damu yake ni ya namna gani?"

"Ya baridi. Joto anapata nje ya mwili."

"Sasa huyo wa mjini joto lake linatoka wapi?"

Sikujua.

"Kabla hajagoma alikuwa akilala wapi?"

Sikujua.

"Nani alikuwa akimpa chakula, saa ngapi, kwa namna gani?"

Sikujua, sikujua. Mzee akanitazama kwa huruma, na huruma ya mzee yule iliuma kuliko matusi.

"Rudi ukaulize. Kuna mtu katika nyumba hiyo anayejua. Yupo siku zote. Na ukome kumfungua mdomo, mfungue huyo mtu wake."

Alhamisi jioni nilikuwa mbele ya pazia. Nilianza kwa kukiri. "Mama, kidonda kile nilikitia mimi. Naomba radhi. Na naomba uniambie Mkanda aliishije mume wako alipokuwa hai. Hakuna nitakalodharau."

Akaanza, na alipoanza hakukwama. Sanduku lilikuwa jikoni, nyuma ya jiko, kwenye ukuta unaopata moto. Nyoka akilala upande wa ukuta asubuhi, upande wa mlango mchana. Kila jioni Bi Mariamu akiwasha makaa, Mkanda alikuwa akitoa kichwa, naye akimwambia mumewe mwondoe huyu au mimi sipiki. Chakula alipewa mara moja kila wiki mbili, jioni, mlango umefungwa, pasiwe na watu.

"Na alihamia stoo lini?"

"Siku ile ile ya msiba," alisema. "Nyumba ilijaa watu. Nani angekuja kupika chakula cha matanga na nyoka yuko nyuma ya sufuria? Rajabu akambeba akampeleka kule. Na amebaki kule."

Nilikwenda stoo. Safari hii nilifumbata mikono. Sakafu ya simenti, ukuta wenye unyevu, mvua ya Kisii ya kila alasiri ikipiga mabati. Jua haliingii. Na mchana kutwa wageni wakifunua kifuniko kumtazama nyoka anayelia. Nilisimama muda wa chai nzima, nikaona alichofanya: alikuwa amejibana kwenye kona moja tu, ile iliyopakana na bomba la maji moto ya kuogea. Miezi miwili alikuwa akituambia.

Rajabu alikuja, nikamweleza. Hakufurahi. "Kesho ni Ijumaa," akanikumbusha.

Pazia likasema, "Rajabu, mimi nina siku zangu za kungoja nilizohesabiwa, nami nazingoja. Mpe na yeye zake."

Rajabu alivua kofia, akaivaa tena. "Siku ngapi?"

"Mpaka nitoke eda," Bi Mariamu akajibu.

Basi, vijana, chukueni kalamu kama mnataka, maana hapa ndipo kazi ilipo. Tulimrudisha jikoni nyuma ya jiko. Kwa saa ambazo jiko limezimwa, nilitundika taa ya chemni nje ya sanduku, upande mmoja tu, nikaweka wavu ili asijiunguze. Upande mmoja tu, nasisitiza. Mnyama wa namna ile lazima aweze kuchagua; ukipasha sanduku zima umemtia kwenye chungu. Nilimwekea gunia kavu la kujificha, maana asiye na pa kujificha hali. Karai la maji safi. Nikapiga marufuku wageni. Kidonda nilikisafisha kila siku kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu na pamba, kisha nikapaka dawa ile ya zambarau. Rajabu alimshika kwa mikono miwili, mmoja shingoni na mwingine chini ya mwili, bila kumkaba. Kwa mtu aliyenoa panga, alikuwa na mkono mwepesi.

Chakula hatukumpa. Tulingoja.

Wiki ya tatu uvimbe ulikuwa umeisha. Mwezi mmoja baadaye, asubuhi, nikamkuta macho yamekuwa meupe, ya bluu kidogo, kama maziwa yaliyotiwa maji. Nilikwenda kwenye pazia nikasema, "Mama, samahani. Nyoka huyu anapofuka."

Nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia katika nyumba ile. Kicheko.

"Hapofuki, daktari. Anajivua. Macho yakiwa kama maziwa, asiguswe, asipewe chakula. Siku tano, sita, yatang'aa tena. Kisha baada ya siku chache atavua koti lote kwa mkupuo mmoja. Ukiona limetoka vipande vipande, basi hewa ni kavu, umwagie maji. Likitoka zima, subiri siku tatu, ndipo umpe panya. Panya awe amekwisha kufa, asije akamng'ata. Apashwe moto kando ya jiko. Ashikwe kwa koleo kiunoni, atikiswe taratibu kama anatembea. Na usimkodolee macho."

"Mama, umeyajuaje yote hayo, na umesema hukumpenda?"

"Sikumpenda nyoka," alisema. "Aliyekuwa akinieleza ndiye niliyekuwa namsikiliza."

Ngozi ilitoka nzima, kama soksi ndefu. Siku tatu baadaye, siku moja tu baada ya eda ya Bi Mariamu kwisha, Rajabu akanitumia habari nije jioni, mwanamke mwenyewe anataka kumlisha.

Nilimkuta jikoni. Miezi yote ile nilikuwa nikimwazia bibi kizee kwa sababu ya lugha yake. Kumbe alikuwa mama wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, khanga kichwani, macho yenye uchovu. Alinisalimu, akafunga mlango, akasema, "Daktari, nyuma. Rajabu, usikohoe."

Panya alikuwa ameandaliwa, mmoja aliyenaswa na mitego ya dukani. Alimpasha, akamshika kwa koleo la makaa, akamshusha ndani ya sanduku, akageuza uso kando kama alivyoagizwa na mumewe. Mkono ulimtetemeka kidogo, na nadhani hilo ndilo lililosaidia. Kichwa kilitoka chini ya gunia. Ulimi ukaonja hewa mara moja, mara mbili, ukarudi. Sisi watatu tuliacha kupumua. Kisha pigo moja, haraka kuliko kupepesa jicho, na Mkanda alikuwa amejizungusha. Baada ya dakika chache tuliona shingo ikipanuka polepole, na ule uvimbe ukishuka.

Tangu siku hiyo hakugoma tena, ila nyakati za kujivua. Alipokuwa mrefu kupita jiko lenyewe, Bi Mariamu alimtoa kwa watu wanaotunza nyoka, akawapa maagizo marefu kuliko ya mtoto anayepelekwa bweni. Nami niliendelea kupita pale kila mwezi, nikisahihishwa Kiswahili. Hiki mnachosoma sasa, kilicho kizuri ni chake, makosa ni yangu. Lakini kazi yangu ngumu kuliko zote katika nyumba ile ilikuja dakika ile ile baada ya panya kupita kooni.

Bi Mariamu alifunika sanduku. Akaweka koleo chini.

"Kwa hiyo alikuwa na baridi," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Hakuwa akimlilia."

Ningeweza kumdanganya. Nilikuwa kijana, naye alikuwa ametoka eda jana. Nikafikiri juu ya maini yale niliyosukuma kwa nguvu.

"Hapana, Mama. Hakuwa akimlilia."

Aliitikia kwa kichwa. Akakaa kwenye kigoda.

"Watu wakija kumtazama, nikiwasikia kule uani wakisema nyoka anaomboleza, nilikuwa nasema moyoni, afadhali. Afadhali tuko wawili." Akapangusa macho kwa ncha ya khanga. "Kumbe nilikuwa peke yangu."

Rajabu alikuwa amesimama mlangoni. Mwanamume mkubwa, mbeba magunia. Taratibu aliteleza na ukuta mpaka akakaa sakafuni, kofia mkononi.

"Hukuwa peke yako, shemeji," alisema. "Mimi unadhani kwa nini nilitaka kumuua? Kila nikifungua stoo ile, namwona kaka amechutama pale anamsemesha. Kila siku. Sikuweza tena."

Walitazamana. Nadhani katika miezi ile minne walikuwa wamezungumza juu ya mchele, madeni ya watu, mabati yanayovuja, na nyoka. Juu ya marehemu hawakuwa wamezungumza.

"Alikuwa akimwimbia," Bi Mariamu alisema.

"Kwani aliujua wimbo hata mmoja mpaka mwisho?" Rajabu akauliza, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja.

"Hata mmoja! Anaanza vizuri, akifika katikati anatia maneno yake, ya magurudumu na dizeli."

Nilifunga mkoba polepole, buti zisilie kwenye simenti. Nilipokuwa nafungua mlango, Bi Mariamu alikuwa ameanza kuonyesha jinsi marehemu alivyokuwa akiimba, kwa sauti nzito ya kiume, na Rajabu anamsahihisha. Nikatoka bila kuaga.